Kizunguzungu kimoja, kumbe viwili: kisa cha kaka na mashine yake ya CPAP

Kaka yangu mkubwa, anayelala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani kupitia maski ili koo lisizibe usingizini, alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Mtu akikupigia saa hiyo moyo unaenda mbio kwanza alafu ndo unapokea, na yeye hata salamu hakutoa, akasema mdogo wangu hii mashine leo naitupa, sikio limeziba toka juzi na sasa hivi nimevua maski nikakaa kitandani chumba kizima kikazunguka, nimeshika ukuta hapa mpaka kimetulia. Nikamuuliza umeanguka? Hapana. Mkono na mguu vina nguvu, huoni vitu viwili viwili, unasikia masikio yote? Nasikia, moja kama lina pamba lakini nasikia. Basi nikashusha pumzi. Maana kizunguzungu cha ghafla kikija na ulimi mzito au uso kupinda upande, au sikio moja likifa ghafla kabisa bila sababu, hapo hakuna kusubiri kukuche, ni hospitali siku hiyohiyo, mambo ya mashine mtaongea baadaye.

Nimemwomba ruhusa niandike kisa chote kwa sababu kilituchukua karibu miezi mitatu kukielewa na ndani yake kuna makosa ya watu wengi, yakiwemo yangu. Mi si daktari. Nina apnea ya usingizi kama yeye, ule ugonjwa wa pumzi kukatika-katika ukiwa umelala, nalala na mashine mwaka wa sita sasa, kwa hiyo nazijua hizi mashine kwa kuishi nazo na madaktari nimewasumbua vya kutosha.

Kaka ana miaka 54, shingo nene, anakoroma toka ujanani, na presha yake ilikuwa haishikiki na dawa mbili. Alipimwa usingizi usiku mmoja, AHI yake ikatoka 41, yaani kwa kila saa ya kulala pumzi ilikuwa inakatika au kupungua mara 41. Kuanzia 30 huwa wanaita kali. Akapewa mashine ya kujirekebisha yenyewe, ile inayopandisha na kushusha msukumo kadri inavyoona koo linavyofunga, na maski ya pua. Wiki ya kwanza alikuwa mtu mpya, alipiga simu kunishukuru mimi kana kwamba mimi ndo niliyetengeneza. Wiki ya pili sikio la kulia likaanza kujaa, sauti yake mwenyewe ikawa inamrudia kichwani kama anaongea ndani ya pipa. Wiki ya tatu ndo hiyo simu ya alfajiri.

Naomba tuelewane neno moja mapema maana ndo lilituponza. Ukisema presha, kila mtu anaelewa damu. Lakini hewa ya mashine nayo ina presha yake, inapimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za aina hii zinaenda kuanzia 4 mpaka 20. Kwenye haya maelezo nikisema presha ni ya damu, ile ya hewa nitaiita msukumo, tusichanganyikiwe kama tulivyochanganyikiwa sisi.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Asubuhi ile nilimwambia bana, kuziba tu huko, fanya kama kwenye ndege, bana pua, funga mdomo, alafu sukuma hewa. Mi mwenyewe nimefanya hivyo kwenye ndege miaka yote. Akafanya. Akasema sikio limepiga kelele likajaa zaidi. Nikamwambia rudia. Akarudia kila asubuhi kwa wiki nzima, wakati mwingine mara tano sita, na kila siku akawa anaona mashine ndo inazidi kumwumiza, kumbe kwa sehemu ilikuwa ni ushauri wa mdogo wake.

Kwa nini ulikuwa mbovu, ngoja nieleze taratibu maana hapa ndo penye kisa chenyewe.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Kile chumba kina njia moja ya kupata hewa, mrija wa urefu wa sentimita tatu na nusu hivi kwa mtu mzima, unaoshuka mpaka nyuma ya pua, wanauita mrija wa Eustachi kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mtaalamu wa anatomia wa Italia wa karne ya 16. Muda mwingi mrija uko umefunga. Ukimeza mate au kupiga miayo kuna misuli midogo inauvuta unafunguka kidogo, hewa inasawazika, unafunga tena. Sasa ndege ikiwa inashuka, hewa ya nje inakuwa na nguvu kuliko ile iliyobaki ndani ya sikio, ngoma inavutwa kwenda ndani, ndo maana ukibana pua na kusukuma unaingiza hewa inayokosekana na unapata nafuu. Kwa mtu wa CPAP ni kinyume chake. Usiku kucha hewa inasukumwa puani, na palepale nyuma ya pua ndo mlango wa mrija ulipo, kwa hiyo kila akimeza mate usingizini mlango ukifunguka kidogo kiasi cha ule msukumo kinapanda sikioni. Asubuhi anavua maski, pua inarudi kawaida, sikio limebaki limejaa. Ngoma imesukumwa kuja nje. Alafu mi namwambia abane pua aongeze hewa! Ni sawa na mtu tairi lake limejaa kupita kiasi we unamletea pampu.

Kinachofaa pale ni kumeza mate, kupiga miayo, au kubana pua alafu umeze mate bila kusukuma, hiyo ya mwisho huwa inavuta hewa kutoka sikioni badala ya kuingiza. Hii niliambiwa baadaye na daktari wa masikio, pua na koo, na nikaona aibu yangu pale pale mbele ya kaka.

Msukumo wenyewe usikutishe kwa namba. Sentimita 15 za maji ni kama nguvu utakayoikuta kwenye kina cha sentimita 15 ndani ya ndoo ya maji, kidole hakiwezi hata kuihisi. Ila ngoma ya sikio si kidole, ni kitu chembamba kilichoumbwa kuhisi mtikisiko wa sauti, na masaa saba ni mengi.

Sasa kama ni hivyo kwa nini masikio yote ya watu wa CPAP hayajai? Kwa sababu sehemu ya chini ya ule mrija ni laini, hewa ikizidi ndani huwa inajisukuma yenyewe ikatoka, ni rahisi kutoka kuliko kuingia. Wengi wetu asubuhi tunasikia "paap" moja tukimeza mate ya kwanza, basi, imeisha, hata hatukumbuki. Ikigoma kutoka ujue mlango umevimba, na mlango ukivimba mara nyingi pua nayo haiko sawa. Hilo sikulijua na sikumuuliza kaka habari za pua, naye hakusema.

Wiki ya tano akachoka akaiweka mashine chini ya kitanda. Usiku wa nne bila mashine akaenda kituo cha afya, sikitaji, si kule alikopimiwa usingizi, na pale akasema maneno haya, ananiambia mwenyewe: daktari, presha ya usiku inanizidi, naamka kichwa kinazunguka. Alimaanisha msukumo wa mashine. Daktari akasikia presha, akamfunga mkono akapima, 156 kwa 94. Tena alikuwa ametoka nyumbani bila kumeza dawa na hajalala vizuri siku nne. Dozi ya dawa moja ikaongezwa mara mbili, kwaheri. Mi simlaumu sana yule daktari, namba ilikuwa mbele yake na mgonjwa kasema mwenyewe neno presha. Ila mashine haikutajwa hata mara moja katika maongezi yale, na hilo linanikera mpaka leo, kwa wote wawili.

Shemeji ndo aliyemrudisha kwenye mashine, maana kukoroma kulirudi na zile pumzi za kukatika zikarudi, akawa halali yeye. Basi kaka yuko na mashine tena, na dawa imeongezwa, na kizunguzungu badala ya kupungua kikaongezeka, sasa mpaka mchana, siku moja akitoka kuoga akaona giza machoni akakaa chini sakafuni. Hapo ndo nikaenda kwake.

Tulikaa mezani na daftari. Nilichokifanya ni kitu kidogo tu na naona ndo kilichofungua kila kitu, nilikataa lile neno kizunguzungu. Nikamwambia usiniambie kizunguzungu, niambie kinachotokea. Je, vitu vinazunguka, ukuta unaondoka, au kichwa kinakuwa chepesi na macho yanaingia giza? Kinakaa muda gani? Ulikuwa unafanya nini sekunde ile kinaanza? Marehemu bibi yetu alikuwa akiinuka haraka akiyumba anasema nimepata kisunzi, basi tukaliazima lile neno. Dunia ikizunguka andika kizunguzungu. Ukiona giza na wepesi andika kisunzi. Najua kwa wengi ni maneno yaleyale, lakini kwenye daftari letu tuliyatenga.

Siku tisa baadaye daftari lilikuwa na mistari kumi na moja. Kizunguzungu mara nne, zote alfajiri, zote ndani ya dakika moja baada ya kuvua maski, kinakaa nusu dakika au chini ya hapo, na mara tatu kati ya hizo kiliisha pale sikio la kulia lilipopiga paap. Kisunzi mara saba, zote mchana, akiinuka kwenye kiti au chooni, nyingi masaa mawili matatu baada ya dawa za asubuhi, sikio halihusiki, hakuna kitu kinazunguka. Ukiangalia ile karatasi hata mtoto anaona ni vitu viwili tofauti vilivyokuwa vinajificha nyuma ya neno moja.

Nikachomoa kadi ya memori ya mashine. AHI 2.9, safi sana, na hapo ndo watu wengi wanaishia wakisema mashine inafanya kazi. Mi nikashuka chini zaidi. Msukumo wa katikati 9.4, lakini asilimia 95 ya usiku ulikuwa chini ya 15.8, maana yake kuna muda ulikuwa unapita hapo, na kilele kilifika 18 na kitu usiku kadhaa. Kuvuja kwa hewa lita 34 kwa dakika, mashine yake inahesabu kupita 24 kuwa ni kuvuja kukubwa. Na mipaka ilikuwa imeachwa wazi vilevile ilivyotoka kwenye boksi, 4 mpaka 20. Hili jambo linanishangaza kila mara. Mashine ya kujirekebisha si fundi, inajibu inachokisikia, ikisikia koo linabana au mkoromo inapandisha, na kama pua imeziba inasikia kubana tu haijui ni pua au koo, inapandisha. Ukiiwekea dari 20 itafika 20 siku ikiamini inahitajika. Mtu aliyemkabidhi alitakiwa arudi baada ya wiki mbili aangalie, hakurudi.

Sikugusa setingi. Nilishawishika, sitadanganya, ila kosa moja lilinitosha.

Kabla hatujaenda kwa daktari nilimuuliza tena kuhusu pua. Akasema pua iko vizuri, napuliza dawa. Dawa gani? Akaitoa mfukoni, ile spreya ya kuzibua papo hapo, ya dukani, ameitumia kila usiku toka wiki ya kwanza ya mashine kwa sababu upande wa kulia unaziba akilala. Spreya za namna ile ni za siku tatu, zikizidi sana tano. Ukipitisha hapo utando wa pua unazoea, dawa ikiisha nguvu unavimba kuliko mwanzo, unapuliza tena, unavimba tena, na huo utando ndo huohuo unaozunguka mlango wa mrija wa sikio. Na analalia upande gani? Wa kulia, toka utoto. Ukilala ubavu, tundu la pua la upande wa chini ndo linajaa damu na kuziba. Kulia pua, kulia sikio. Nikaanza kuona picha.

Daktari wa masikio alikuwa mama mmoja mtulivu, alisoma daftari lote kimya kabla ya kuuliza chochote, mpaka kaka akaanza kujieleza akamwambia subiri baba, umeshaandika. Alianza na kumlaza haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, kulia alafu kushoto, huku anaangalia macho. Hiki ni kipimo cha yale mawe madogo ya sikio la ndani yanayohamaga mahali pake, ugonjwa wa kawaida sana na unaleta kuzunguka kwa sekunde chache mtu akijigeuza kitandani, kwa hiyo ungeweza kabisa kuwa ndo huu. Macho hayakucheza, kaka hakuhisi kitu. Kipimo cha kusikia kikawa kizuri kwa umri wake, kwa hiyo ule ugonjwa wa Meniere unaopandisha na kushusha usikivu na kuzungusha mtu kwa masaa nao ukawekwa pembeni. Aliuliza pia kama vidole na midomo vinakufa ganzi akiwa na maski, maana wapo wanaovuta pumzi nyingi kupita kiasi kwa wasiwasi wa mashine, hewa chafu inatoka kupita kiasi kwenye damu na kichwa kinakuwa chepesi. Hapana. Maumivu makali, usaha, homa? Hapana. Umewahi kupasuliwa sikio au kuvunjika fuvu? Hapana, na hili akasema anamuuliza kila mtu wa CPAP, maana hao msukumo wa hewa unaweza kuwaletea mengine mazito kabisa.

Alafu akafanya kitu ambacho mi sikukitegemea. Alikuwa amemwambia aje na mashine. Akampima masikio kwa timpanometri, kile kifaa kinachosoma msukumo ulioko nyuma ya ngoma, yote mawili karibu na sifuri. Akamvalisha maski, akaweka 15, akamwacha dakika ishirini amejiegemeza na kumwambia ameze mate kila mara. Akavua, akapima haraka kabla hajameza. Kushoto dekapaskali 20 juu ya sifuri, hicho ni kipimo kingine cha msukumo. Kulia 120. Sentimita 15 za maji ni kama dekapaskali 147, kwa hiyo sikio la kulia lilikuwa limebeba sehemu kubwa ya msukumo wote wa mashine na likakataa kuuachia. Kaka akakaa wima, akameza mate, na palepale akashika meza. Ndo hii! Ndo hii daktari! Yule mama akamwangalia macho kwa makini, akahesabu, sekunde kama kumi na tano hivi, paap, kikaisha. Sijawahi kuona mtu anafurahia kizunguzungu kama kaka siku ile.

Maelezo yake yalikuwa hivi: tatizo si sikio kujaa tu, ni masikio mawili kutolingana. Ubongo unapokea habari za mwendo kutoka masikio yote mawili na kuzilinganisha. La kushoto likiachia hewa mara moja na la kulia likabaki limebana, sikio la ndani la kulia linasukumwa na kutuma habari za mwendo ambao haupo, ubongo unaamini mwili unazunguka. Wapiga mbizi wanakijua hiki kizunguzungu, kinawapata wakiwa wanapanda juu, Mswidi Claes Lundgren alikieleza kwa wapiga mbizi mwaka 1965. Kaka hajawahi hata kuogelea, lakini kila alfajiri alikuwa anaibuka kutoka majini kwa namna yake.

Cha mchana hakikuhitaji hata mashine. Akamlaza dakika tano, presha 128 kwa 80. Akamsimamisha, dakika moja, 101 kwa 66, na kaka anasema naona giza. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama hiyo ni presha ya kushuka kwa kusimama, haina ubishi. Na ukikaa ukafikiri inaleta maana, mtu mwenye apnea kali presha yake inapandishwa na ile mikiki ya usiku, mwili unakosa hewa unashtuka mara arobaini kwa saa. Ukimtibu usingizi inaweza kushuka kidogo. Kwa wastani si kushuka kwa kutisha, ni milimita 2 au 3 hivi za zebaki, zilezile namba za kipimo cha presha, ila wengine wanashuka zaidi, na kaka alikuwa ameongezewa dawa kwa namba iliyopimwa siku ambazo hana mashine wala hajameza dawa. Dawa ilipanda, mashine ikarudi, vikakutana.

Daktari wa usingizi na wa presha waliongea. Dozi ikarudishwa ilivyokuwa. Spreya ya kuzibua ikapigwa marufuku, siku nne za kwanza pua ilimtesa alikuwa ananitumia ujumbe usiku akinilaumu, wakampa spreya ya steroidi ya pua ambayo yenyewe inachukua wiki mbili hivi kuonyesha nguvu na haileti ule uteja, na kusafisha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kulala, maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya bombani moja kwa moja. Kinyevushi cha mashine, kile kinachotia unyevu kwenye hewa, kikapandishwa kidogo. Maski ilikuwa saizi kubwa kwake, walipobadilisha mto wa maski kuvuja kukashuka mpaka lita 9. Kichwa cha kitanda kikainuliwa. Kulala ubavu wa kushoto ameshindwa, ana miaka 54 na mwili una mazoea yake.

Msukumo ndo uliwasumbua. Kwanza wakaweka 6 mpaka 10, na nafuu ya kutoa pumzi ya sentimita 2, yaani akitoa pumzi mashine inalegeza kidogo. Sikio likapata raha siku ya pili tu. Lakini AHI ikapanda 11 na kaka akaanza kusinzia tena mchana, yeye mwenyewe hakutaka kusema kwa sababu sikio lilikuwa limemfurahisha, shemeji ndo akasema. Wakapandisha, 7 mpaka 12. AHI ikakaa 4.2. Wapo watakaosema alikuwa na 2.9, kwa nini akubali 4.2? Kwa sababu 2.9 ya mashine iliyoko chini ya kitanda ni 41. Chini ya 5 wanakuhesabu uko salama, na mtu anayelala nayo masaa saba kila usiku amemzidi mbali yule mwenye namba nzuri anayeivua saa tisa usiku kwa hasira.

Hii mashine ukiijua ilikotoka unaivumilia kidogo. Kabla Colin Sullivan kule Sydney hajamvalisha mgonjwa wa kwanza mwaka 1980, aliyezidiwa na apnea dawa yake kubwa ilikuwa kutobolewa koo apumulie hapo. Nilimwambia kaka hivyo siku anailaumu, akanyamaza, alafu akasema sawa lakini koo lisingeziba sikio. Sikuwa na jibu.

Kizunguzungu cha alfajiri kiliisha usiku wa sita baada ya mabadiliko. Kisunzi kilichukua siku kumi toka dozi ishushwe, na sasa anapimwa presha akiwa amelala na akiwa amesimama, yeye mwenyewe anadai hivyo kila anakokwenda, tena anasema "presha ya damu" kwa herufi kubwa. Kujaa kwa sikio ndo kulichelewa, wiki tano nzima, kulikuwa kunapungua siku mbili na kurudi moja, na hapo angekata tamaa tena kama yule mama hakuwa amemwambia toka mwanzo kwamba utando uliozoea spreya haurudi kwa siku mbili.

Mwezi uliopita alipata mafua mazito, pua zote mbili zimeziba. Akanipigia, safari hii saa mbili usiku, akauliza avae au asivae. Nikamwambia mi nimestaafu ushauri, mpigie daktari. Akaambiwa kama hawezi kupumua kwa pua na sikio linauma apumzike usiku mmoja au miwili, alale kichwa juu, asiendeshe gari siku hizo, alafu arudi. Akarudi usiku wa tatu. Asubuhi yake alinitumia ujumbe wa sauti, unasikia anameza mate, kimya kidogo, alafu anasema: umesikia hiyo? Sikusikia kitu, ila nikamjibu nimesikia.